Tunagombania meza, kitambaa kimesahaulika

Kwa wiki kadhaa sasa kuna klipu inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Mtwara, na bila shaka imeshafika Lindi, Masasi na kwingineko. Kijana mmoja mwenye sauti nzuri amesimama nyuma ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe. Anasema neno "meza" ni Kiswahili safi cha mababu, kwa sababu hapo ndipo mtu anapokaa akameza chakula. Meza, kumeza. Anaipiga meza kwa kiganja, anacheka, klipu inaisha. Kwenye kundi la mtaa wetu peke yake imeletwa mara nne na watu wanne, kila mmoja akiamini yeye ndiye wa kwanza kuileta. Majibu yakagawanyika. Kuna waliopiga makofi, na kuna waliokuja juu wakisema neno hilo ni la Mreno, limeletwa na watu waliokuja na mizinga, na kama tungekuwa na heshima ya lugha yetu tungeshalitafutia mbadala zamani. Baada ya hapo kila upande ukaanza kuuambia mwenzake kwamba haujasoma.

Naona pande zote mbili zimekosea mahali pamoja. Zimeshika neno moja kati ya maneno matatu na kuliacha lenye uzito. Kitu kilichokuwa mbele ya yule kijana, kilichofanya klipu yenyewe ipendeze machoni, ni kitambaa cha meza. "Meza" imetoka kwa Wareno. Nitaeleza kwa nini naamini hivyo, na sioni cha kuonea haya. Lakini "kitambaa" ni cha nyumbani, kina ndugu zake kamili, na kimeipokea hiyo meza kwa sarufi ya nyumbani: kitambaa *cha* meza, kama kipini cha jembe au kifuniko cha chungu. Anayetaka kujua pwani yetu ya kusini ilikuwa na nini kabla ya jahazi la mgeni kutia nanga asiulize fanicha. Aulize nguo iliyotandikwa juu yake.

Tuanze na meza, maana ndiyo iliyoleta kelele. Vasco da Gama alipita pwani hii mwaka 1498, akarudi mwaka 1502 kuitoza Kilwa kodi kwa vitisho, na mwaka 1505 Francisco d'Almeida akaishambulia na kuitwaa Kilwa Kisiwani, akajenga ngome. Mahali hapo leo pamo ndani ya Mkoa wa Lindi, na jengo lililosimama ufukweni linaitwa Gereza, ingawa kuta nyingi unazoziona ni za Waomani waliojenga upya karne nyingi baadaye. Neno "gereza" lenyewe linatajwa na wataalamu kuwa ni *igreja* ya Kireno, yaani kanisa, na safari yake kutoka kanisa hadi jela ni hadithi ya kuchekesha na kuhuzunisha kwa pamoja. Wareno walifukuzwa Mombasa mwaka 1698, ngome yao kubwa ilipoangukia mikononi mwa Waomani. Kwa karne hizo mbili waliacha maneno machache, lakini yaliyotulia: bendera kutoka *bandeira*, kopo kutoka *copo*, kasha kutoka *caixa*, mvinyo kutoka *vinho*, leso kutoka *lenço*, foronya kutoka *fronha*, parafujo kutoka *parafuso*. Tazama maneno hayo yanakaa wapi. Ukiacha bendera na gereza, karibu yote ni ya chumbani, ya mezani na ya sandukuni. Ni vitu ambavyo mtu wa pwani aliviona kwa macho merikebuni au nyumbani kwa mgeni, akavinunua, akavipeleka kwake pamoja na jina lake. Meza, kutoka *mesa*, imo kwenye mzigo huohuo.

Sasa hoja ya kumeza. Ni tamu masikioni, na ndiyo maana imesambaa, lakini ndiyo dhaifu kuliko zote. Kiswahili kina njia zake za kutoa jina la kitu ndani ya kitenzi, na njia hizo hazibahatishi. Kutoka kula tunapata mlo na ulaji. Kutoka kukaa tunapata kikao, makazi na makao. Kutoka kufunika, kifuniko. Kutoka kufungua, ufunguo. Kutoka kulala, malalo na malazi. Mwisho hubadilika, mwanzo huvaa kiambishi. Kama wazee wangetaka kuita mahali pa kumezea kwa kitenzi hicho, wangepata kimezeo, au mamezo, au kitu cha namna hiyo ambacho mtoto wa darasa la tatu angeweza kukibashiri. Wasingechukua kitenzi kikavu, kama kilivyo unapomwambia mgonjwa "meza dawa", wakakifanya samani. Na kuna jambo rahisi zaidi ambalo halihitaji sarufi. Kwa miaka mingi watu wa huku wamekula wameketi juu ya mkeka au jamvi, sinia katikati, mikono imenawa. Waliomeza wamemeza hapo. Kama mahali pa kumezea ndipo panapoitwa meza, mbona mkeka haukuitwa hivyo?

Ipo hoja nyingine yenye nguvu zaidi, na inastahili kusikilizwa kwa heshima, hasa na sisi tulio jirani na Kilwa. Kiajemi nacho kina neno *miz* kwa maana hiyohiyo ya meza. Kwa kuwa masimulizi ya Kilwa yanawataja watawala waliotoka Shirazi, huko Uajemi, mtu anaweza kusema tulilipata neno hili kwa Waajemi mamia ya miaka kabla ya Mreno kuijua njia. Hoja hii ina mashiko kwa sababu Kiajemi kimetupa kweli maneno ya bandarini na ya nguo. Bandari yenyewe ni ya kwao. Bafta, ile pamba nyepesi nyeupe, inatokana na neno lao lenye maana ya kilichofumwa. Lakini sauti zinaikataa hoja hii. Neno la kigeni linaloishia kwa konsonanti likiingia Kiswahili huongezwa irabu, na baada ya sauti kama r au z irabu hiyo kwa kawaida huwa "i": *bandar* ikawa bandari. *Miz* ingetupa mizi, au mezi. Kwa Kireno hakuna haja ya kuongeza wala kupunguza chochote, maana ile "s" iliyo katikati ya *mesa* hutamkwa "z" na Wareno wenyewe. Ukimsikiliza Mreno akisema *mesa* umesikia meza. Wamalai nao, waliokuwa na Wareno wao huko Malaka, wanasema *meja*. Ukiweka hayo kando ya foronya, leso na kopo, ushahidi unaelemea upande mmoja.

Mwingine atauliza: Wareno walikaa Kilwa miaka saba tu, mwaka 1512 wakaondoka, neno litaotaje mizizi kwa miaka saba? Ni swali zuri kwa mtu wa Dar es Salaam. Kwa mtu wa Mtwara linashangaza kidogo, maana kwetu Mreno hakuondoka mwaka 1512 wala 1698. Alikuwa ng'ambo ya Ruvuma hadi mwaka 1975. Kile kipande cha Kionga, kusini ya mdomo wa mto, Wajerumani walikishika tangu 1894 na Wareno wakakichukua 1916, na kipo Msumbiji mpaka leo. Wamakonde wa ng'ambo walivuka kuja kwenye mashamba ya mkonge, wakavuka tena kwa maelfu wakati wa vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964, na tangu Daraja la Umoja lifunguliwe pale Mtambaswala mwaka 2010 hata lori linavuka. Zaidi ya hapo, Zanzibar ya karne ya 19 ilikuwa na Wagoa, raia wa koloni la Wareno nchini India, waliofanya kazi za upishi, ushonaji na ukarani. Wareno walikuwa na milango mingi ya kuingilia jikoni kwetu, na Kilwa ulikuwa mmoja tu.

Mwaka jana nilikuwa kwa fundi seremala mmoja hapa mjini, nasubiri kabati lililokuwa limepitiliza ahadi kwa miezi miwili (mafundi, jamani). Akaingia mama mmoja kutoka upande wa Palma, huko Msumbiji, anauza dagaa sokoni, anataka kitu cha kupangia bidhaa. Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga, na pale kilipomwishia alijazia Kireno na Kimakonde. Akapima hewani kwa mikono, urefu hivi, kimo hivi, akasema anataka *mesa*. Fundi akaandika "meza" kwa penseli kwenye kipande cha ubao, akataja bei, wakaanza kuvutana. Hakuna aliyeinua kichwa. Katika mazungumzo yote yale lilikuwa neno pekee ambalo mteja alilitamka kwa Kireno na fundi akalisikia kwa Kiswahili, wote wawili wakiwa sahihi.

Hapo ndipo ninapotofautiana pia na wale wanaotaka neno litupwe. Wanasema lugha inayoazima vitu vya kila siku inakiri kwamba haikuwa navyo. Kwa meza ya miguu minne ya kulia chakula, ni kweli. Hatukuwa nayo kwa sababu hatukuihitaji. Wanasema pia kwamba neno lililokuja na mizinga haliwezi kuwa letu. Basi tuanze na mkorosho. Mti huu Wareno waliutoa Brazili, na jina la "kanju" lililomo kwenye kamusi zetu ni *caju* ya Kireno, nayo waliichukua kwa wenyeji wa huko Brazili. Mwambie mkulima wa Newala au Tandahimba, msimu wa mnada ukiwa umefunguliwa, kwamba korosho si mali ya hapa. Mwambie aliyekaa na kibuyu cha uraka, kile kinywaji cha mabibo ya mkorosho, kwamba anakunywa kitu cha kigeni. Mti umekaa, umezaa, umelipa ada za shule na kuoza mabinti. Meza vilevile imekaa ikazaa: tunasema mezani, kijimeza, meza kuu ya arusi ambayo watu hununiana kwa kukosa kuketi juu yake. Neno halifukuzwi kwa kuwa babu yake alishuka melini.

Hata hivyo nawaelewa kwa jambo moja. Wasiwasi wao si meza. Meza ni kisingizio. Wasiwasi ni kwamba leo ukiingia hotelini unaambiwa kuna "tebo mati" na "napkini", na mhudumu ukimwambia lete kitambaa cha mkono anakutazama kama umeagiza chombo cha Kiarabu. Hapo kuna tofauti ambayo inafaa kushikwa. Meza ilikuja na kitu kipya. Tebo mati imekuja juu ya kitu ambacho tayari kilikuwa na jina, na kila nyumba ya Mikindani ingeweza kukutajia. Kuazima kwa namna hiyo kunanikera mimi pia. Ila dawa yake haipatikani kwa kumtafutia Mreno wa karne ya 16 mashitaka mapya.

Tuje sasa kwenye kitambaa, maana kimekaa kimya muda wote huu. Kitambaa ni udogo wa tambaa, na tambaa lina ukoo mpana. Kuna tambara, nguo iliyochakaa. Kuna utambi, ambao kamusi za zamani zinauonyesha kuwa ni ukanda wa nguo, kabla ya kuwa kile kikanda kinachonyonya mafuta ya taa kwenye koroboi. Kuna kitambi, ambacho leo tunamcheka nacho mheshimiwa aliyeshiba, lakini zamani kilikuwa kipande cha nguo cha kujifunga, na pia utando wa mafuta uliofunika matumbo, ule unaouona mbuzi akichinjwa, umelala juu ya utumbo kama nguo nyembamba iliyotandikwa. Kutoka utando huo hadi tumbo lenyewe si mbali. Kwa hiyo mwenye kitambi, kwa haki ya lugha, amevaa kitambaa ndani ya ngozi.

Ukoo wa namna hii hauazimwi. Neno la kuazima kwa kawaida huja peke yake, kama meza ilivyokuja, na likizaa huzaa kwa viambishi vya mwenyeji. Neno lenye ndugu wa nguo, wa taa na wa tumbo limekuwepo muda mrefu, na kitu chenyewe kimekuwepo nalo. Hapo ndipo udongo wa Kilwa unapotoa ushahidi. Wachimbaji wa mambo ya kale, akiwemo Neville Chittick aliyefanya kazi pale miaka ya 1960, walikuta vigurudumu vidogo vya udongo vyenye tundu katikati, vingi vimechongwa kutoka kwenye vigae vya vyungu vilivyovunjika. Ni vya kusokotea uzi. Kijiti hupitishwa tunduni, kigurudumu kinakipa uzito wa kuzunguka, pamba inavutwa kidogo kidogo mpaka inakuwa uzi. Maana yake ni kwamba kabla ya Mreno kuja na *mesa* yake, kulikuwa na watu Kilwa waliokaa chini wakasokota uzi, mwingine akaufuma, na mwingine akavaa. Masimulizi ya kale ya mji ule yanakwenda mbali zaidi. Yanasema Ali bin Hassan, yule mtawala aliyetoka Shirazi, alikinunua kisiwa chote kwa mwenyeji wake kwa nguo za rangi zilizotosha kukizunguka. Sina haja ya kupima kama nguo zilitosha. Ninachokiona ni kwamba watu walipotaka kueleza mji wao ulianzaje, bei waliyoifikiria haikuwa dhahabu, ingawa dhahabu ya Sofala, bandari iliyoko Msumbiji ya leo, ilipita mikononi mwao. Ilikuwa nguo.

Wala simwambii mtu kwamba hapo kila kitu ni chetu tupu. Hata "pamba" inahusishwa na Kiajemi, *panbe*. (Tafadhali asitokee mtu na klipu kwamba pamba inatokana na kupamba.) Baadaye biashara ikaleta mengine kwa malundo: kaniki ya buluu kutoka India, na merikani, ile nguo ngumu isiyopaushwa iliyotoka kwenye viwanda vya Massachusetts kupitia bandari ya Salem, ikapata jina la nchi yake, na jina likabaki hata baada ya vita vya wao kwa wao vya 1861 hadi 1865 kuikata biashara hiyo na nguo za Uingereza na India kuchukua nafasi. Nguo ilikuwa fedha. Misafara iliyotoka Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani kwenda bara ilibeba majora, ikalipa kwa mikono na mashuka: mkono ni kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, shuka ilikuwa mikono minne, doti ilikuwa shuka mbili. Wanawake wanaonunua doti ya kanga leo na kuikata vipande viwili wanafanya hesabu hiyohiyo bila kujua. Hata leso ya Mreno ilipofika haikubaki leso. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa mwambao walinunua leso zilizokuja kwenye jora, hazijakatwa, wakaziunga zikawa nguo pana ya kujifunga, na huko ndiko ilikotoka kanga. Mombasa wanaiita leso mpaka leo. Kwetu leso imebaki ya kufutia jasho na kufungia hela pembeni.

Jambo ambalo limenivutia kuliko yote, na ambalo sijaona likitajwa katika mabishano haya, ni jinsi tunavyoita nguo za nyumbani. Kuna bibi mmoja wa Mikindani, jirani wa mama yangu, ambaye sebule yake imejaa kazi ya mikono yake. Migongo ya makochi ina vitambaa vya kufuma kwa kulabu, radio ina chake, jagi la maji lina kidude cha duara chenye shanga pembeni kisipeperuke na upepo wa bahari, na foronya za chumbani zimedariziwa "Usiku mwema" kwa uzi mwekundu. Nilimwuliza, nikinyooshea kidole kimoja kimoja, hiki mnakiitaje. Cha kwenye kochi? Kitambaa. Cha kwenye jagi? Kitambaa. Kile kikubwa cha mezani? Kitambaa. Nikaona kuna kimoja kimetundikwa kwenye msumari mlangoni mwa jiko, cha kufuma vilevile, maua yaleyale, kimegeuka rangi ya chai. Na kile, bibi? "Lile tambara." Lakini si ulilifuma mwenyewe pamoja na haya? Akanitazama kwa huruma. "Lilikuwa kitambaa, mwanangu. Limeshachoka."

Waingereza, kwa nguo hizohizo nne, wana majina manne yasiyohusiana, kila moja limefungwa kwenye kazi yake. Kiswahili kimechagua njia nyingine: jina moja, kisha "cha" na kazi ya leo, na jina hilo linabadilika nguo inapopungua au kuzeeka. Kwa hesabu hiyo nguo ni kama mtu. Ina utoto, ina kazi na ina uzee. Anayesema lugha yetu ni maskini wa maneno ya mezani kwa kuwa haina neno moja moja kwa kila kipande amehesabu majina akaacha kuhesabu mpango wa majina. Na huo mpango haukutoka Lisbon.

Hata hayo majina ya Waingereza, ukiyafuata, hayana nasaba ya kutisha. Kale kakitambaa ka duara ka kuwekea kikombe wanakaita *doily*, na Doily alikuwa mwenye duka la nguo London mwishoni mwa karne ya 17. Kwanza jina lake lilikuwa la kitambaa cha bei nafuu alichokiuza, kisha la vitambaa vidogo vya mezani, na mwenyewe akasahaulika. Ile *napkin* inatokana na *nappe* ya Kifaransa, yaani kitambaa cha meza, nayo inatokana na *mappa* ya Kilatini. Kutoka hapohapo ndipo zilipotoka aproni ya mpishi na, kwa kufupishwa na kina mama wa Uingereza, nepi ya mtoto. Kwa hiyo napkini ya hotelini, aproni ya jikoni na nepi kwenye kamba ya uani ni ndugu wa tumbo moja. Lakini Warumi walipata wapi *mappa*? Quintilian, mwalimu wao wa usemi wa karne ya kwanza, alisema ni neno la Wakartago, watu ambao mji wao ulikuwa Tunisia ya leo. Kama alisema kweli, neno lile tunalolikataa hotelini kwa kuwa ni la mzungu lilitoka Afrika, likazunguka Ulaya kwa miaka elfu mbili, na sasa limerudi limevaa tai.

Ndiyo maana nasema kuuliza asili ya neno ili kujua nani ampokonye nani hakutufikishi popote. Asili inafaa kwa kazi nyingine: inaonyesha chumba gani watu walikutania, nani alikuwa muuzaji na nani mnunuzi, na kitu gani mnunuzi alikuwa nacho tayari nyumbani. Kwa meza, jibu ni kwamba hatukuwa nayo, tukaichukua. Kwa kitambaa, jibu ni kwamba tulikuwa nacho, kwa hiyo tulipopewa meza ya mgeni tulijua cha kuifunika. Walimu wa Kiswahili wanaotaka kuitumia klipu ile darasani wasiipoteze nafasi kwa kuwaambia watoto tu kwamba kijana amekosea. Wawatume nyumbani wakaorodheshe kila nguo isiyovaliwa, na jina ambalo mtu mzima wa nyumba hiyo anaiita. Orodha hizo zikirudi kutoka Shangani, Chikongola, Mtama na Kilwa Masoko zitakuwa na maneno ambayo kamusi hazina, na mengine ambayo kamusi zinayo lakini zinadhani yamekufa.

Maana maneno ya nguo yanakufa kweli, tena bila Mreno kuyagusa. Yanakufa kitu chenyewe kinapoondoka. Nguo ya mtoto mchanga iliitwa winda, au ubinda. Mtu mzima naye alipiga winda alipokuwa anaingia majini au shambani, kwa kupitisha nguo katikati ya miguu na kuichomeka kiunoni. Ikaja nepi, winda likasogea pembeni. Sasa nepi yenyewe inasogezwa na pampasi, jina la kampuni lililogeuka kuwa jina la kitu, sawasawa na lile duka la Doily miaka zaidi ya mia tatu iliyopita. Wiki iliyopita nilitumwa na binti yangu kumnunulia mwanawe. Dukani, kwa ushari wa kizee, nikamwuliza dada anayeuza kama wana winda. Akaangalia rafu, akaangalia chini ya kaunta, kisha akaniangalia mimi.

"Hapana, baba. Kwani mnawinda nini huko?"